UZI: Methanoli ikiingia mwilini bado si sumu kali. Ini lako ndilo linaloigeuza

Mpimaji_Eastlands

Wadau, kila pombe ya sumu ikiua watu nchi hii, mjadala huishia kwa machifu, polisi na leseni. Hayo yana watu wake. Mimi kazi yangu ni maabara, na kuna swali ninaloulizwa kila mara, kuanzia kwa kinyozi hadi matangani: kwa nini mtu akinywa pombe ya kawaida huamka kichwa kikimgonga, na mwenzake akinywa iliyotiwa methanoli huamka haoni, ilhali vitu hivyo viwili vinafanana hadi pua na ulimi vinashindwa kuvitofautisha?

Tuliokuwa Nairobi Novemba 2000 tunakumbuka pombe haramu iliyoitwa kumi kumi ilivyoua watu zaidi ya mia moja huko Mukuru na Sinai, na wengine wakabaki vipofu. Mwaka 2014 balaa likapita Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Februari 2024 likaangukia Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 wakafa. Miaka yote hiyo tumesikia kwamba "methanoli ni sumu", basi. Nataka tuingie ndani ya seli tuone sumu hiyo inatengenezwa wapi, kwa sababu jibu lake ndilo linaloeleza hata dawa inayotolewa hospitalini.

Tuanze na maumbo. Molekuli ya methanoli ina kaboni moja, haidrojeni nne na oksijeni moja. Ethanoli, ile tunayoita pombe, ina kaboni mbili, haidrojeni sita na oksijeni moja. Upande mmoja zinalingana kabisa: oksijeni iliyoshika haidrojeni. Upande wa pili ethanoli ina kijimkia cha kaboni ya ziada. Ni hilo tu.

Methanoli ikikaa mwilini bila kuguswa, hulevya kidogo, pengine kidogo kuliko pombe yenyewe, kisha ingetoka taratibu kwa pumzi na mkojo. Mambo huharibika ini linapoanza kuifanyia kazi. Na ini halijakosea chochote. Linafanya kazi yake ya kila siku.

Otis_Dandora

Mkuu umenichanganya. Sasa unataka kusema anayeuza hana makosa, ini langu ndilo lenye makosa? 😂 Endelea lakini, niko hapa na chai yangu.

Mpimaji_Eastlands

Otis, anayeuza ana makosa yake na yanajulikana. Mimi nazungumzia njia ambayo sumu hupitia.

Ndani ya seli za ini kuna protini inayoitwa alkoholi dehidrojinesi. Ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mmenyuko fulani wa kemia bila yenyewe kuisha. Kimeundwa kwa nusu mbili zinazoshikana, kila nusu ni mnyororo wa asidi amino (vile vipande vinavyojenga protini) zipatazo 374 uliojikunja kwa namna yake. Wanasayansi wa Uppsala, Sweden, ndio waliochora umbo la hiki cha ini la farasi miaka ya 1970, na cha binadamu kinafanana nacho sana.

Ukikitazama kwenye skrini ya kompyuta (programu za bure zipo, na faili zake ziko wazi kwa yeyote), utaona shimo jembamba linaloingia ndani. Mwisho wa shimo kuna atomu moja ya zinki. Imeshikwa na asidi amino tatu: sisteini mbili na histidini moja. Kuta za shimo zimepangwa asidi amino zinazochukia maji. Pembeni amelala NAD, molekuli ndogo ambayo mwili huiunda kutokana na vitamini B3.

Ethanoli inapoingia, oksijeni yake inashika ile zinki. Zinki inailegeza mpaka inaachia protoni, yaani haidrojeni isiyo na elektroni. Kisha haidrojeni moja, pamoja na elektroni zake mbili, inaruka kutoka kwenye kaboni kwenda kwa NAD. Kilichobaki si pombe tena, ni asetaldehaidi. Kile kijimkia cha ethanoli nacho hakikukaa bure: kimejibana kwenye zile kuta zinazochukia maji, kwa hiyo molekuli imetulia mahali pake vizuri.

Methanoli haina mkia. Inaingia shimo lilelile, inashika zinki ileile, lakini haina cha kuishikilia ukutani. Inaingia na kuchomoka. Ndiyo maana kimeng'enya huishughulikia polepole, na zote mbili zikiwapo kwa pamoja, ethanoli ndiyo hupata nafasi. Vitabu vya sumu huandika kwamba kimeng'enya hiki huipendelea ethanoli mara 10 hadi 20 kuliko methanoli. Shikeni hapo, tutarudi.

Mwl_Baiolojia_Ruiru

Naongezea kidogo kwa wanafunzi wanaosoma humu kimyakimya. Habari ya kimeng'enya na kitu chake kuwa kama kufuli na ufunguo aliisema Emil Fischer mwaka 1894, na bado ndiyo tunayofundisha kwa sababu inaingia akilini haraka. Lakini Daniel Koshland mwaka 1958 alionyesha kwamba protini si chuma. Kitu kikiingia, kimeng'enya nacho hujirekebisha kukizunguka. Hiki cha pombe hufanya hivyohivyo: NAD ikishaingia, sehemu moja ya protini hujifunga na kuyafukuza maji shimoni. Kwenye mtihani andikeni yote mawili, mtapata alama zote.

Shiku_wa_Kahawa

Asetaldehaidi ndiyo inaleta hangova?

Mpimaji_Eastlands

Inachangia, dada, lakini haikai. Kimeng'enya cha pili, kinachofanya kazi zaidi ndani ya mitokondria, vile vijiwanda vya nguvu vya seli, huigeuza kuwa asetati, na asetati seli huichoma kama chakula. Ndiyo maana pombe ina kalori. Njia ya ethanoli inaishia jikoni kwa seli.

Sasa fuateni njia ya methanoli, kwa vimeng'enya vya jamii hizohizo. Hatua ya kwanza inatoa formaldehaidi. Hiyo mnaijua hata kama hamjui kwamba mnaijua: ikiyeyushwa kwenye maji ndiyo formalini ya mochari. Ila haikai mwilini. Katika dakika chache tu inageuzwa kuwa asidi ya fomiki. Ukishawahi kupanda mwembe Pwani ukashambuliwa na maji moto, wale sisimizi wekundu, asidi wanayomwaga ni hiyohiyo.

Na hapo ndipo njia inapoziba. Binadamu hana haraka ya kuiondoa asidi ya fomiki. Anayeiondoa ni folati, vitamini iliyo kwenye sukuma wiki, mchicha na maharagwe: asidi inapachikwa kwenye folati, inapitishwa hatua mbili tatu, inatoka kama hewa ya ukaa. Ini letu lina akiba ndogo ya folati ya aina hiyo. Panya ana akiba kubwa zaidi, ndiyo maana ukimpa panya wa maabara methanoli hapofuki. Jambo hilo liliwapoteza watafiti kwa muda mrefu, mpaka mwaka 1955 walipojaribu kwa nyani na kuona dalili zilezile za binadamu.

Na kabla hamjaniuliza: hapana, sukuma wiki haiwezi kumwokoa aliyekwishakunywa. Hospitalini hutumia folati kwa mshipa, kwa dozi ambayo hakuna sufuria inayoweza kuitoa. Mnywaji wa kila siku asiyekula vizuri huwa na folati kidogo zaidi mwilini, kwa hiyo anaanza safari hiyo akiwa nyuma.

Otis_Dandora

Sawa, asidi imejaa. Lakini mbona macho? Mbona isiwe vidole au figo?

Mpimaji_Eastlands

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Seli zetu hupata nguvu nyingi kutoka mitokondria. Huko kuna mnyororo wa protini zinazopokezana elektroni, na ya mwisho inaitwa saitokromu oksidesi. Ni protini kubwa, vipande 13 vilivyoungana, vilivyopenya utando wa mitokondria. Ndani yake kuna atomu za chuma na shaba, na hapo ndipo oksijeni unayovuta inapopokea elektroni na kuwa maji. Unapumua kwa ajili ya hapo.

Asidi ya fomiki inakwenda kukaa kwenye ile chuma. Oksijeni ipo, damu inaileta kama kawaida, mapafu ni mazima, lakini mahali pa kuipokelea pameshikwa. Seli inakosa pumzi katikati ya hewa tele. Inarudi kwenye njia ya zamani ya kuvunja sukari bila oksijeni, inatoa asidi laktiki, na damu inazidi kuwa chachu.

Kuna duara baya hapa linalohusu utando wa seli. Utando ni tabaka mbili za mafuta, na kitu chenye chaji hupenya kwa shida. Asidi ya fomiki kwenye damu ya kawaida karibu yote huwa na chaji, kwa hiyo utando huizuia kiasi. Damu ikiwa chachu, sehemu kubwa zaidi hupoteza chaji na kupenya kirahisi. Kwa hiyo sumu inatengeneza uchachu, na uchachu unaifungulia sumu mlango. Daktari anapoweka bikaboneti, inayopunguza uchachu, kwenye dripu, anakata duara hilo.

Sasa macho. Neva ya jicho ni fungu la nyuzi zaidi ya milioni moja zinazotoka kwenye retina, lile tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Kabla hazijatoka nje ya jicho, sehemu ya mwanzo ya nyuzi hizo haina ala ya mayelini, ile mafuta inayofunika waya wa neva na kurahisisha ishara kusafiri. Bila ala, ishara hugharimu nguvu nyingi, na ndiyo maana sehemu hiyo imejaa mitokondria. Ukizima mitokondria, huko ndiko taa huzimika kwanza. Wagonjwa husema wanaona weupe mtupu, ukungu kila upande. Sehemu ya ubongo inayosimamia miendo, iitwayo putameni, nayo huumia kwa sababu inayokaribiana na hiyo. Baadhi ya wanaopona hubaki wakitetemeka na kutembea kwa shida.

Nyar_Kendu

Mihogo michungu nayo si huua kwa njia hiyo? Nyumbani tuliambiwa tuiloweke kwanza.

Mpimaji_Eastlands

Umelenga, dada. Sianidi ya mihogo hushika protini hiyohiyo, tena kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana sianidi nyingi huua kwa dakika, na methanoli huchukua saa nyingi. Endeleeni kuloweka.

Gathee_Githurai

Vijana, mimi ni mzee na nimeona mengi. Changaa ya zamani, ile pombe kali ya kupikwa nyumbani, haikuwa na shida. Mama mpishi alikuwa anamwaga ile ya kwanza kutoka kwa bomba, ile kichwa, ndiyo ina hiyo metha yenu. Hawa wa siku hizi wana tamaa, hawamwagi.

Mwl_Baiolojia_Ruiru

Mzee wangu, kwa heshima, hilo la kichwa limeenea sana na halielezi vifo tulivyoona. Nitasema kwa nini.

Changaa huanza na nafaka au sukari nguru. Nafaka ina wanga, ambao ni mnyororo mrefu wa glukosi. Hamira haiwezi kuumeza mnyororo huo. Ndiyo maana mama mpishi hutia kimea: wimbi au mtama ukichipua hutengeneza kimeng'enya cha amilesi, kinachokata wanga kuwa sukari ndogondogo. Hapo sasa hamira inaingia na vimeng'enya vyake, ambavyo Eduard Buchner alionyesha mwaka 1897 kwamba hufanya kazi hata hamira ikishasagwa na kufa. Njia hiyo yote, kutoka glukosi mpaka pombe, haina mahali inapotoa methanoli.

Methanoli ya kuchachusha hutoka kwenye pektini, ile inayogandisha jemu. Pektini ipo kwenye kuta za seli za matunda, na imebeba vijikundi vya kaboni moja ambavyo kimeng'enya kingine huvikata. Kwa hiyo pombe ya matunda ina methanoli kidogo, ya nafaka ina kidogo mno. Na hata hiyo haitoki yote mwanzoni. Methanoli tupu huchemka kwa nyuzi 64.7 na ethanoli 78.4, lakini zikichanganyika na maji hazitengani kwa mstari, methanoli hutoka kidogokidogo mpaka mwisho. Kumwaga kichwa kunaboresha ladha. Hakukuokoi.

Methanoli inayoua kijiji kizima kwa usiku mmoja ni ya viwandani, ya kutengenezea rangi na viyeyushi. Mtu amenunua mtungi akidhani ni spiriti ya kunywa, au anajua na hajali.

Gathee_Githurai

Mwalimu nimekusikia. Lakini ya zamani ilikuwa nzuri, hilo sibadilishi.

Kijana_Umoja

Kuna njia ya kupima? Mimi naona watu wanawasha kwa kijiko, moto ukiwa bluu wanasema iko sawa.

Mpimaji_Eastlands

Usimwamini mtu wa kijiko. Zote mbili huwaka bluu, ya methanoli huwa hafifu zaidi hadi mchana huioni vizuri. Kwenye mchanganyiko hakuna jicho litakalotofautisha. Kwenye maabara hutumia mashine ya kromatografia ya gesi, na si kila hospitali inayo. Mara nyingi daktari huanza matibabu kwa kusikiliza maelezo na kupima uchachu wa damu, hasubiri jibu la methanoli.

Na kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Mililita 10 za methanoli tupu zinaweza kuharibu macho, 30 zinaweza kuua.

Otis_Dandora

Mkuu turudi pale ulisema tushike. Kama ethanoli inashinda methanoli kwenye hilo shimo, si ina maana mtu akishashuku amekunywa mbaya aongeze mzinga mzuri juu yake?

Mpimaji_Eastlands

Nilijua utafika hapo 😅

Wazo ni sahihi, na hospitali zimelitumia miaka mingi: mgonjwa hupewa ethanoli kwa kipimo, kimeng'enya kinabaki na shughuli, methanoli inangoja na kutoka bila kugeuzwa. Vietnam, kwa habari zilizotoka Januari 2019, madaktari walimpa mgonjwa makopo 15 ya bia, moja baada ya jingine, akapona. Lakini soma vizuri: walikuwa wanapima damu, walikuwa na mashine ya kusafisha damu, na bia ilikuwa ya kununua muda. Ethanoli haiondoi methanoli, inaizuia mlangoni. Ukilala, ethanoli inaisha, mlango unafunguka, na methanoli nyingi bado ipo.

Na hapo ndipo watu wetu hudanganyika. Pombe nyingi za sumu ni mchanganyiko. Mtu anakunywa Ijumaa, Jumamosi anajisikia sawa, anawaambia wenzake hakuna shida, anarudi kuongeza. Methanoli peke yake huchukua saa 12 hadi 24 kabla ya dalili, na ikichanganyika na ethanoli hukawia zaidi. Jumapili anaona ukungu. Wakati huo asidi imeshatengenezwa, na kuziba kimeng'enya hakurudishi kilichokwishageuzwa. Hapo huhitajika kusafishwa damu kwa mashine ya dialisisi, bikaboneti na folati.

Kwa hiyo mkishuku, hata kama hamsikii chochote, nendeni hospitali kubwa yenye dialisisi siku hiyohiyo, na mseme wazi kilichonyweka. Maziwa, mayai mabichi na maji ya chumvi havisaidii. Methanoli huingia kwenye damu ndani ya saa moja hivi. Ukimtapisha mlevi unaweza kumpaliza bure.

Ipo dawa iliyo safi kuliko ethanoli, fomepizoli. Ni duara dogo lenye naitrojeni mbili. Inaingia kwenye lile shimo, naitrojeni inashika zinki, na haina kitu cha kugeuzwa, kwa hiyo inakaa tu. Inashika kwa nguvu maelfu ya mara kuliko ethanoli, na haimlevyi mgonjwa. Marekani waliiruhusu kwa methanoli mwaka 2000, na tangu 2013 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Bei yake ndiyo inayofanya hospitali nyingi zibaki na ethanoli.

Mama_Njeri_Kayole

Asanteni kwa uzi huu, nimesoma wote. Nauliza lingine. Kuna dawa ya kumfanya mtu achukie pombe, nimeambiwa naweza kumtilia mzee wangu kwenye chakula bila yeye kujua. Na hiyo inafanya kazi kwa ini?

Mpimaji_Eastlands

Mama, pole kwa unayopitia. Bila shaka unazungumzia disalfiramu. Ndiyo, inafanya kazi kwa ini, lakini haizibi kimeng'enya cha kwanza. Inaziba cha pili, kile kinachoondoa asetaldehaidi. Mtu akinywa, asetaldehaidi inarundikana: uso unawaka, moyo unakwenda mbio, anatapika, shinikizo la damu linashuka. Watu wengi wa Asia Mashariki huzaliwa na hali inayokaribia hiyo, kwa sababu asidi amino moja tu kwenye kimeng'enya hicho cha pili imebadilika, glutameti ikawa laisini. Wakinywa glasi moja uso unakuwa mwekundu.

Anayejua kwamba ameimeza hukaa mbali na chupa. Asiyejua ataenda kunywa kama kawaida, na kama ana moyo dhaifu anaweza kufia barazani pa watu. Usimtilie. Mpeleke kliniki ya walevi akikubali, aandikiwe na daktari baada ya kupimwa moyo na ini. Akikataa, nenda wewe peke yako kwanza, huko kuna washauri wanaozungumza na familia.

Mama_Njeri_Kayole

Nimeelewa. Kile kikaratasi nilikuwa nimeshakinunua, nitakirudisha kwa duka la dawa kesho.

Shiku_wa_Kahawa

Mama Njeri nitakutumia ujumbe wa pembeni, tulipitia hayo na kaka yangu.